Betri Yake, LUKU Yangu

Pikipiki ya umeme imeingia kwenye ndoa zetu ikiwa na ahadi ya kuokoa pesa ya petroli. Sawa, lakini yuniti ananunua nani? Na chaja ichomekwe saa ngapi? Wana-Handeni na Korogwe, karibuni tupige hesabu.

Wapenzi wasomaji, zamani ukisikia mke na mume wamenuniana, sababu zilikuwa zinajulikana. Meseji ya usiku kwenye simu, ndugu wa mume waliokuja kusalimia wakakaa miezi mitatu, au mshahara ulioingia halafu haijulikani ulikoishia. Siku hizi kuna ishu nyingine ambayo bado hatujaipa nafasi inayostahili kwenye kurasa kama hizi. Ni chaja. Sizungumzii ya simu. Nazungumzia lile boksi la chuma lenye feni ndani, linalovuma kama nyuki pale sebuleni, likijaza betri ya pikipiki ya mtu ambaye LUKU hanunui yeye.

Mimi naishi na kufanya kazi Korogwe, nimepanga Manundu. Mume wangu ni mtumishi wa umma Handeni. Ndoa za watumishi si mnazijua, kila mmoja na kituo chake, barua za uhamisho kila mwaka, na majibu hayaji. Kati yetu kuna kilometa 65 za lami, unapita Sindeni na Misima. Kwa hiyo ndoa yetu ni ya Ijumaa jioni hadi Jumapili alasiri, na katikati ya wiki ni ya simu.

Mwaka jana aliuza pikipiki yake ya petroli akanunua ya umeme. Betri ya volti 72, uwezo wake unakaribia yuniti tatu na nusu. Ijumaa anatoka kazini saa kumi, saa kumi na mbili yuko mlangoni kwangu. Betri imebaki na asilimia 18 hivi, na yeye mwenyewe amebaki na asilimia hizo hizo. Anakula, anaoga, anachomeka.

Mwezi wa kwanza yuniti zangu ziliisha Jumapili mchana, friji imejaa samaki. Nikamwambia, "Baba, mgeni huwa anakuja na kitu mkononi." Akacheka. Mimi sikucheka.

Ndipo akaniletea habari aliyoisoma kwenye simu: eti tuwe tunachaji usiku wa manane, maana usiku umeme ni wa bei rahisi. Aliongea kwa kujiamini kama kawaida yake. Mimi nikaingia kazini kutafuta ukweli wake.

Usiku kwa nani?

Habari yenyewe haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya kwao. Uingereza walianza mambo hayo mwaka 1978 na mpango unaoitwa Economy 7: saa saba za usiku umeme unashuka bei, watu wanapasha maji wakati taifa limelala. Siku hizi wenye magari ya umeme kule wana mita janja. Unarudi nyumbani jioni, unachomeka gari, unaiambia programu ya simu kwamba kesho saa moja asubuhi nataka gari limejaa, halafu unalala zako. Kampuni ya umeme ndiyo inayochagua saa za kujaza, pale umeme unapokuwa mwingi na bei iko chini.

Hata hapa jirani zetu wameanza. Kenya, kuanzia Aprili 2023, waliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa yuniti kwa saa za kawaida na shilingi 8 kwa saa ambazo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Nusu bei! Mtu wa Mombasa akimwambia mkewe kwamba anasubiri usiku uingie ndipo achomeke, ana hoja.

Mtu wa Handeni hana hoja hiyo. Kwetu Tanzania mteja wa nyumbani analipa bei ile ile saa moja jioni watu wote wakiwa kwenye taarifa ya habari, na analipa bei ile ile saa tisa usiku mbwa peke yao wakiwa macho. Mita ya LUKU unayoijua haina habari na saa. Inahesabu yuniti tu.

Binafsi naona ni nafasi tunayoipoteza. Mwaka 2024, mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere ilipoanza kuzalisha na mvua zikawa nyingi, TANESCO ilizima kwa muda vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Bwawa lile lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Saa tisa usiku umeme huo unamsubiri nani? Wenye bodaboda za umeme wangeunywa wote kwa furaha kama wangepewa bei ya usiku. EWURA mkisoma gazeti hili, nadhani mmenielewa.

Saa yetu ni kalenda

Sasa tusikie cha kwetu. Kwetu bei nafuu ipo, tena nafuu kweli kweli, ila haifungwi kwa saa. Inafungwa kwa mwezi.

Kuna kundi la wateja linaitwa D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani, wale ambao kwa wastani hawavuki yuniti 75 kwa mwezi. Tangu bei zilizopangwa mwaka 2016, yuniti yao ni shilingi 100, na ukiweka kodi na tozo zake inafika karibu 122. Ukinunua zaidi ya 75 ndani ya mwezi huo huo, kila yuniti ya ziada inaruka hadi shilingi 350, ambayo mkononi ni kama 427. Kundi la pili ni T1, la matumizi ya kawaida, ambapo kila yuniti ni shilingi 292, na mkononi ni kama 356. Mteja wa D1 anayezidisha mara kwa mara anahamishiwa T1, na huko hakuna punguzo hata la yuniti ya kwanza.

Ndiyo maana shoga yako ananunua umeme wa 5,000 anapata yuniti 41, na wewe kwa 5,000 hiyo hiyo unapata 14, halafu unasema mita yako imechezewa. Haijachezewa. Mko makundi tofauti.

Nilikaa na daftari. Nyumba yangu bila pikipiki inatumia kama yuniti 48 kwa mwezi: friji dogo, televisheni, pasi, feni (Korogwe joto lake si la kuongelea) na taa. Wikiendi moja ya mume wangu ni yuniti nne na ushee. Tatu na kidogo ni za safari ya Ijumaa, na nyingine ni za mizunguko ya Jumamosi, sokoni na kwa mama mkwe. Kwa mwezi inakuja kama 18. Jumla yangu 66. Nipo salama, lakini nimebakiza tisa tu.

Kwake Handeni ana chumba na sebule pale Chanika, na mita yake mwenyewe. Taa, redio, jagi la kuchemshia chai, yuniti 22. Pikipiki inakula kule kama 35, kwa sababu Jumapili akifika betri iko hoi (Handeni iko juu zaidi ya Korogwe kwa mamia ya mita, kwa hiyo njia ya kurudi ni ya kupanda na inamaliza umeme kuliko ya kuja) halafu kuna kilometa 20 hivi za kila siku kazini na mitaani. Jumla yake 57.

Kwa hiyo sisi wawili tuna mita mbili, na kila mita ina yuniti zake 75 za bei nafuu. Yuniti zetu zote 123 zinatugharimu kama shilingi 15,000. Yuniti hizo hizo zikipita kwenye mita moja ya T1 ni karibu 44,000. Tofauti yake inanunua mafuta ya kula ya mwezi na chenji inabaki.

Tangu siku hiyo hatubishani tena kuhusu usiku na mchana. Tunaulizana mwezi umefika tarehe ngapi na mita ya nani ina nafasi. Ikifika tarehe 25 na mimi nimenunua yuniti 70, anachaji Handeni hadi ijae kabisa Alhamisi usiku, anakuja, na hapa kwangu anajaza za kumrudisha tu. Tukitaka kwenda harusini Mombo wikiendi hiyo, tunapanda basi.

Kuna na kijanja kingine ambacho wengi hawakijui. Mfumo unahesabu ulizonunua ndani ya mwezi, na yuniti ulizoingiza kwenye mita hazichachi. Mwezi ambao matumizi yalikuwa madogo, tarehe 29 naangalia nimenunua ngapi. Kama ni 60, naongeza 12 kwa bei ya 122 zikae akiba. Kama nimeshafika 75 na yuniti zinaelekea kuisha, najikaza kwa mshumaa hadi tarehe moja. Na hiyo tarehe moja usishangae ukipata yuniti chache kuliko ulivyotegemea: ununuzi wa kwanza wa mwezi unakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Ndiyo, hata wewe mpangaji. Mdai mwenye nyumba wako, risiti unayo.

Kwa nini bado tunachomeka saa tano usiku

Utashangaa kwamba pamoja na hayo yote, chaja yetu bado inaanza saa tano usiku. Bei haihusiki. Zipo sababu tatu na zote nimeziona kwa macho.

Ya kwanza ni betri yenyewe. Imetoka kukimbia kilometa 65 juani, ukiigusa ina joto. Betri ya lithiamu haipendi kujazwa ikiwa bado ya moto, unaifupishia maisha, na betri ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye pikipiki ile. Inapoa huku sisi tunakula na kuongea. Tuseme ukweli, hata mume anayeshuka kwenye pikipiki na kukimbilia soketi kabla hajamsalimia mke wake anahitaji kupoa.

Ya pili ni umeme wetu wa jioni. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku kila mtu anapiga pasi, anawasha televisheni, anachemsha maji. Mtaani kwetu taa inafifia, feni inazunguka kwa kuvutavuta, na chaja inazimika na kuwaka. Watu wanacheka nikisema, maana hapo Hale, ndani ya wilaya yetu, kuna kituo cha umeme wa maji tangu mwaka 1964, megawati 21 za Mto Pangani. Lakini umeme mwingi wa nchi unatoka kusini na unasafiri mbali hadi huku kaskazini, mwingine unapotea njiani. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Kilimanjaro alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu aliyoitaja ilikuwa hiyo hiyo. Saa tano usiku mtaa umetulia, umeme unasimama vizuri, chaja inafanya kazi mfululizo saa nne hivi inamaliza.

Ya tatu ni nyaya za nyumba. Nyumba nyingi tunazopanga zilifungwa nyaya kwa ajili ya taa na redio. Chaja ya pikipiki inavuta kama wati 800 kwa saa nne bila kupumzika. Ukiwasha na pasi na jagi kwenye ekstensheni moja, utanusa plastiki. Tulimwita fundi umeme akatuwekea soketi ya peke yake sebuleni, yenye waya mnene na waya wa ardhini. Betri inakaa juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia, mbali na godoro, na wala haiko kati yetu na mlango wa kutokea. Chumbani haiingii. Chaja ni ile iliyokuja nayo, hatununui ya mkononi. Dada anayetusaidia nyumbani anajua kwamba ikivimba au ikitoa harufu, anazima swichi kuu na kumtoa mtoto nje kwanza, maswali baadaye.

Mwanzoni mume wangu alikuwa anategesha alamu saa tisa usiku aamke kuchomoa. Anaamka yeye, naamka mimi, anaamka mtoto. Usiku wa pili wa ndoa ya wikiendi unaupotezaje namna hiyo jamani! Nikanunua taima ya soketi Tanga mjini, ile ya kuzungusha kwa mkono. Unaiweka iwashe saa tano na izime saa tisa. Angalizo moja: umeme ukikatika, saa yake inasimama. Ukirudi, inaendelea pale ilipoachia, kwa hiyo ukikatika masaa mawili basi kuchaji kunasogea masaa mawili. Jumamosi asubuhi kabla ya chai tunaikagua. Hilo ni muhimu, kwa sababu Jumapili akiondoka na betri ambayo haikujaa, Handeni hafiki. Hata ikiwa imejaa anafika na asilimia nane au tisa.

Mita moja, vyumba vitano

Sisi tuna bahati ya mita mbili. Nyuma ya kwangu kuna nyumba ya vyumba vitano yenye mita moja, na hapo nilijifunza kuliko kwenye daftari langu.

Wapangaji walikuwa wanatumia kama yuniti 70 kwa mwezi wote pamoja, hakuna friji, ni taa na televisheni. Shilingi 8,500 hivi, wanagawana 1,700 kila chumba na hakuna aliyelalamika. Kijana mmoja wa bodaboda, ameoa si muda mrefu, akaleta pikipiki ya umeme. Anatembea kilometa 80 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yuniti nne kila usiku. Zidisha mwenyewe: yuniti 104. Nyumba ikatoka 70 ikaenda 174. Mwezi ule wakalipa zaidi ya 51,000. Wakigawana sawa ni zaidi ya 10,000 kwa chumba. Mama mmoja mtu mzima wa chumba cha mwisho, ambaye ana taa moja na redio, alisimama uani akauliza kama amebebwa kwenye bodaboda hiyo hata siku moja.

Kijana hakuwa mkorofi. Alisema atalipia yuniti zake zote 104, wengine wabaki na 70 zao. Inasikika haki, eh? Angalia tena. Nyumba ikishahamia T1, zile 70 za wenzake hazigharimu tena 8,500. Zinakaribia 25,000. Yeye amelipa zake zote, na wao bado wanalipa mara tatu kwa taa zile zile. Amewatoa kwenye bei yao ya zamani.

Aliyeliona hilo alikuwa mke wake, binti mpole ambaye nilidhani anajua kuuza maandazi tu. Alimwambia mumewe mbele yangu, "Wao walikuwa wanalipa 8,500. Waendelee kulipa 8,500. Kinachozidi hapo chote ni chetu." Kinachozidi, wakiwa T1, ni kama 53,400. Kijana aliona ni pesa nyingi, akakunja uso. Mke akaendelea: petroli ulikuwa unaweka lita mbili kwa siku. Mwaka 2025 bei ya petroli ilipanda na kushuka kati ya shilingi 2,700 na 3,100 kwa lita. Chukua 2,900, mara lita 52 za mwezi, ni 150,800. Toa 53,400. Bado umebaki na zaidi ya 97,000 ambazo mwaka juzi zilikuwa zinaishia kituo cha mafuta, na majirani bado wanatusalimia.

Kwa sasa ndivyo wanavyofanya, wakati wanamuomba mwenye nyumba akubali waombe mita yao wenyewe. Yuniti zinaandikwa kwenye daftari linaloning'inia ukutani kwa kamba, kabla ya kuchaji na baada ya kuchaji.

Na ninyi wa magari msijione mko nje ya mada. Rafiki yangu wa Dar alitaka kujua kama Nissan Leaf ya zamani, ile ya betri ya kilowati-saa 24, inaweza kukaa D1. Kujaza mara moja, pamoja na umeme unaopotea kwenye kuchaji, ni kama yuniti 27. Mara tatu umeshavuka 75, hata taa hujawasha. Ukiwa na gari la umeme nyumbani wewe ni T1, lihesabu hivyo tangu siku ya kununua. Kujaza kama 9,600, bado ni chini ya petroli ya safari hiyo hiyo.

Pesa ya petroli ilikwenda wapi?

Hapa ndipo pagumu, na nadhani ndipo wengi mnapogombania bila kujua mnachogombania. Pikipiki ya umeme inaokoa pesa kwenye mfuko mmoja na kuitoa kwenye mfuko mwingine. Petroli alikuwa ananunua mume kwa pesa yake. LUKU, kwenye nyumba nyingi ninazozijua, ananunua mke kutoka kwenye pesa ya matumizi, na pesa ya matumizi haijaongezwa. Mume anaona maisha yamekuwa rahisi. Mke anaona mchicha umepungua. Wote wawili wanasema kweli.

Mume wangu kwa petroli alikuwa anatumia kama 75,000 kwa mwezi, kwenda na kurudi na mizunguko yake. Sasa pikipiki yote inakula yuniti 53, kama 6,500 tu tukikaa ndani ya D1. Kuna 68,000 na zaidi zilizobaki mahali. Nilimuuliza, bila ugomvi, siku ya Jumamosi asubuhi baada ya chai (usiulize mambo ya pesa Ijumaa usiku, mtu amechoka): "Baba, zile za petroli siku hizi zinalala wapi?"

Alinyamaza kidogo. Hazikuwa na mwanamke mwingine, kabla hujafika huko. Zilikuwa zinayeyuka tu, soda hapa, mchango wa harusi pale, vocha. Alishtuka mwenyewe alipojumlisha.

Tulipanga hivi. Tarehe moja ya kila mwezi yeye ananitumia 10,000 kwa simu, ya LUKU ya Korogwe, nichaji au nisichaji pikipiki yake. Na 40,000 inakwenda kwenye akaunti ya betri, kwa sababu ipo siku betri ile itachoka na hakuna mtu atakayetuuzia nyingine kwa mkopo wa maneno. Inayobaki ni yake, sitaki kujua. Mwanaume asiyekuwa na pesa ya soda anakuwa na hasira.

Miezi minane sasa. Mwezi mmoja alichelewa kutuma, na Ijumaa alipofika nikamwonyesha soketi na kumwambia taima imeharibika. Jumamosi saa mbili asubuhi pesa iliingia, taima ikapona.

Kilichobaki ni barua ya uhamisho. Tumeiandika tena mwaka huu, na safari hii tumeambiwa kuna matumaini, huenda akaletwa Korogwe kabla ya shule kufunguliwa. Nimeshapiga hesabu. Akihamia hapa, safari za kilometa 65 zinakwisha, pikipiki itatumia kama yuniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Jumlisha 48 zangu, jumlisha chai yake na redio yake, tunagonga 85 au 90. Tutatoka D1. Nimemwambia jagi la umeme alibakize Handeni, hapa tunachemshia chai kwenye gesi, na pasi ni Jumapili tu kwa nguo zote za wiki. Amekubali jagi. Pasi bado tunajadiliana.